Saini Iliyo Chini ya Cheti: Namna ya Kumfuatilia Mwanajeshi wa Anga wa Ujerumani wa Vita Kuu ya Pili

Picha ya Msalaba wa Chuma, nishani ya kijeshi ya Ujerumani, ikiwekwa mtandaoni, maoni hayachelewi. Mmoja atasema mwenye nishani hiyo alikuwa rubani hodari aliyeangusha ndege chungu nzima. Mwingine atadai alikuwa ofisa mkubwa wa Wanazi. Wa tatu ataona tarakimu 1939 kwenye mkono wa chini wa msalaba, akate shauri kwamba ulitolewa mwaka huo. Wote watatu wanaweza kuwa wamekosea, tena kwa sababu moja: wanakisoma chuma, na chuma hakisemi mambo hayo. Kinachosema ni karatasi iliyotolewa pamoja nacho, hasa ile sehemu ambayo wengi huiruka, yaani saini iliyo chini.

Tuanze kwa kutenganisha vitu vitatu ambavyo watu huvichanganya. Nishani ni tuzo ya kitendo au ushujaa, kama huo Msalaba wa Chuma. Beji ni alama ya kazi au sifa: huyu amefuzu urubani, huyu ni mpiga bunduki wa ndege, huyu amejeruhiwa vitani. Hati ni karatasi inayothibitisha kwamba mtu fulani, wa kikosi fulani, alipewa nishani au beji hiyo siku fulani. Nishani na beji zilitengenezwa viwandani kwa maelfu, zikifanana. Hati ndiyo yenye jina la mtu.

Kuhusu tarakimu 1939, jibu ni fupi. Msalaba wa Chuma ulianzishwa mwaka 1813 na Mfalme Friedrich Wilhelm III wa Prussia, wakati wa vita dhidi ya Napoleon. Ulifufuliwa mwaka 1870, ukafufuliwa tena 1914, na Hitler akaufufua mara ya mwisho tarehe 1 Septemba 1939, siku Poland ilipovamiwa. Tarakimu hizo ni za mwaka wa kufufuliwa. Msalaba uliotolewa Machi 1945, Ujerumani ikiwa inaporomoka, nao umeandikwa 1939. Geuza nyuma ule wa daraja la pili, utakuta 1813, na hakuna anayedhani ulivaliwa dhidi ya Napoleon.

Wajukuu wa askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki) wana tatizo la aina hiyo hiyo nyumbani. Nyota za vita ambazo Uingereza iliwapa waliopigana Uhabeshi na Burma kwa kawaida hazikuchongwa jina, tofauti na medali za vita vya kwanza ambazo zina jina na namba pembezoni. Nyota iliyobaki kwenye sanduku bila karatasi haiwezi kukuambia babu alikuwa batalioni gani.

Sasa turudi kwa mwanajeshi wetu wa anga. Hati ya kawaida ya Luftwaffe, jeshi la anga la Ujerumani wa Hitler, ina mistari michache: cheo, jina, kikosi, jina la tuzo, mahali, tarehe, muhuri na saini. Tarehe ya kuzaliwa aghalabu haipo. Hilo ni pigo kwa mtafiti, kwa sababu majina kama Hans Müller yalikuwa mengi kupita kiasi, na orodha zikikupa watu hamsini wa jina hilo hujui wa kwako ni yupi. Na mahali penyewe mara nyingi pamefichwa. Badala ya jina la mji utaona herufi O.U., zilizosimama badala ya maneno ya Kijerumani yenye maana ya makazi ya kikosi pale kilipo. Pale wapi? Hawasemi. Ilikuwa siri ya vita.

Hapo ndipo saini inapofanya kazi. Fikiria cheti cha zamani cha kumaliza shule ambacho jina la shule limefifia. Mtu anayeijua wilaya ile ataitazama saini ya mwalimu mkuu pamoja na tarehe, kisha atakwambia ni shule ipi, maana mwalimu yule mwaka ule alikuwa pale na si kwingine. Hati za Luftwaffe zinasomwa vivyo hivyo. Makamanda wanajulikana, tarehe zao za kushika na kuacha madaraka zinajulikana, na mahali makao yao yalipokuwa panajulikana. Ukimtambua aliyetia saini, umepata kikosi. Ukiongeza tarehe, umepata medani ya vita.

Ili kufika huko lazima tujue ngazi. Kikosi kidogo cha ndege kiliitwa Staffel, na kwa kawaida kilikuwa na ndege 9 hadi 12. Staffel tatu pamoja na ofisi ya kamanda zilifanya Gruppe. Gruppe tatu au nne zilifanya Geschwader, kikosi kikubwa cha ndege mia hivi, na kamanda wake aliitwa Kommodore. Juu ya Geschwader kulikuwa na Fliegerkorps, na juu kabisa Luftflotte, iliyosimamia eneo zima la vita.

Kwenye karatasi ngazi hizi huandikwa kwa mkato. KG ni Geschwader ya ndege za mabomu, JG ya ndege za kuwinda ndege nyingine, StG ya Stuka, zile ndege za mabomu zilizokuwa zikipiga mbizi kutoka juu. Namba za Kirumi ni za Gruppe, namba za kawaida ni za Staffel. Kwa hiyo II./KG 55 ni Gruppe ya pili ya KG 55, ilhali 5./KG 55 ni Staffel ya tano. Katika mpangilio wa kawaida Staffel ya 1 hadi ya 3 zilikuwa Gruppe ya kwanza, ya 4 hadi ya 6 Gruppe ya pili, na kuendelea hivyo. Ukiona 5 umeshajua ni Gruppe ya pili, hata kama hati haikutaja. Watu wengi hupotea hapa kwa kuchanganya 2 na II, wakamtafuta mtu wao kwenye kikosi ambacho hakuwahi kukikanyaga.

Si kila hati ilitiwa saini na mkubwa wa ngazi moja, na tofauti hiyo ina faida. Msalaba wa Chuma ulitolewa kwa jina la Hitler, na katika jeshi la anga mwenye kutia saini alikuwa jenerali wa divisheni, wa Fliegerkorps au wa ngazi ya juu zaidi. Hati ya Frontflugspange, beji ya safari za vitani ambayo nitaieleza baadaye kidogo, aghalabu ilitiwa saini na Kommodore. Kwa hiyo mtu mwenye hati hizo mbili anakupa majina mawili: bosi wa karibu na bosi wa mbali. Yale mawili yakikutana kwenye ramani, umempata.

Chukua mfano wa Jenerali Hans Geisler, aliyeongoza X. Fliegerkorps. Aprili 1940 kikosi chake kilikuwa kinapiga Norway. Januari 1941 kilikuwa Sicily, na tarehe 10 ya mwezi huo ndege zake za Stuka ziliijeruhi vibaya meli ya Waingereza ya kubebea ndege, HMS Illustrious, karibu na Malta. Baadaye mwaka huohuo wa 1941 kikahamia upande wa Ugiriki. Saini ni ya mtu mmoja, herufi zilezile za O.U. zinaficha mji, lakini hati ya Mei 1940 na hati ya Februari 1941 zimetenganishwa na bara zima la Ulaya. Bila tarehe, saini ya Geisler haikusaidii sana. Bila saini, tarehe nayo haikusaidii.

Wolfram von Richthofen, ndugu wa ukoo wa yule rubani mashuhuri wa Vita Kuu ya Kwanza, ni mfano mgumu zaidi. VIII. Fliegerkorps aliyoiongoza ilihamishwa mno. Mei 1940 iko Ufaransa. Mei 1941 iko juu ya Krete. Juni 1941 inaivamia Urusi upande wa kati, Agosti imepelekwa kaskazini kuelekea Leningrad, na majira ya kuchipua ya 1942 iko Crimea. Ukiwa na hati yenye saini yake, kukosea mwezi mmoja katika kuisoma tarehe kunamhamisha mtu wako kilomita elfu na zaidi. Wajerumani huanza na siku, kisha mwezi, kisha mwaka, kama sisi. Anayeteseka ni yule aliyezoea utaratibu wa Kimarekani.

Kwa ngazi ya Geschwader muda huwa mfupi zaidi, na hiyo ni nafuu. Adolf Galland alikuwa Kommodore wa JG 26 kuanzia Agosti 1940 hadi Desemba 1941. Hati yenye saini yake katika wadhifa huo haiwezi kuwa ya kabla wala ya baada. Alois Stoeckl, Kommodore wa KG 55, aliuawa Uingereza tarehe 14 Agosti 1940 ndege yake ilipoangushwa. Kinachotafutwa ni hicho: mwanzo na mwisho.

Lakini saini nyingi hazisomeki. Ni wimbi la wino tu. Sababu mojawapo ni kwamba wanaume wengi wa kizazi kile walifundishwa shuleni mwandiko wa zamani wa Kijerumani uitwao Kurrent, au mdogo wake Sütterlin ulioingia shule za Prussia kuanzia 1915, ambao herufi zake hazifanani na tulizozoea. E yake, kwa mfano, inafanana na n. Usihangaike na wimbi. Tazama chini yake. Kwa kawaida kuna maneno yaliyopigwa kwa taipu yanayotaja cheo na wadhifa: Luteni Kanali na Kommodore, au Jenerali wa Anga. Wadhifa na tarehe vinatosha kukupa jina, halafu ndipo urudi kulilinganisha na wimbi.

Kuna herufi ndogo ambazo hazitakiwi kupuuzwa. Ukiona i.V. kabla ya saini, aliyetia saini ni naibu, mkubwa mwenyewe hayupo; pengine yuko likizo, pengine amejeruhiwa. Ukiona gez., maana yake saini halisi iko kwenye karatasi nyingine na hii ni nakala. F.d.R. ni mtu anayethibitisha kwamba nakala ni sahihi, mara nyingi ofisa msaidizi wa kikosi. Hapo ndipo wauzaji wa minadani wanapowapiga watu chenga, kwa kumnadi msaidizi aliyethibitisha nakala kana kwamba ndiye jenerali.

Na Göring je? Watu hushangilia wakiona jina la Hermann Göring, mkuu wa Luftwaffe, chini ya karatasi. Poleni. Saini za wakubwa wa ngazi ile kwenye hati zilizotolewa kwa wingi kwa kawaida zilichapwa na mtambo pamoja na maandishi mengine. Ipitishie kioo cha kukuzia: wino wa kalamu una sehemu nzito na nyepesi, umezama kwenye nyuzi za karatasi, na pengine kalamu imekwaruza. Saini ya mtambo ina rangi moja kote.

Sasa Frontflugspange, ambayo kwangu ndiyo karatasi tamu kuliko zote kwa sababu ina hesabu ndani yake. Göring aliianzisha tarehe 30 Januari 1941. Safari 20 za vitani zilikupa ya shaba, 60 ya fedha, 110 ya dhahabu. Ilikuwa na aina tofauti kwa wa mabomu, wa upelelezi, wa uchukuzi na wengineo, kwa hiyo hati inakuambia pia mtu alikuwa akiruka ndege za kazi gani. Zaidi ya hapo, tofauti ya tarehe kati ya shaba na fedha inakupa mwendo. Safari 40 kwa miezi miwili ni kasi ya msimu wa mapigano makali. Safari 40 kwa mwaka mzima zinaashiria majeraha, kozi, au kikosi kilichorudishwa nyuma kupumzika.

Mtego uko kwenye tarehe ya kuanzishwa. Tuseme mtu ameruka tangu Septemba 1939, akapita Norway, Ufaransa na anga la Uingereza. Beji inapoanzishwa mwaka 1941, safari zake za nyuma zinahesabiwa. Anaweza kupewa shaba, fedha na dhahabu karibu kwa mpigo. Anayesoma hati hizo bila kujua historia ya beji ataapa kwamba jamaa aliruka safari 110 kwa wiki chache za mwaka 1941. Kuna watu wameandika wasifu wa mababu zao hivyo, na hesabu inamfanya marehemu aonekane kama mtu asiyepata usingizi kamwe.

Tumalizane na dhana mbili zilizobaki kutoka mwanzo. Msalaba wa Chuma daraja la pili ulitolewa zaidi ya mara milioni mbili katika vita ile. Alipewa rubani, alipewa fundi wa redio, alipewa mpiga bunduki wa mkiani. Hauthibitishi kwamba mtu aliangusha ndege hata moja. Nishani ya nadra ilikuwa Ritterkreuz, ya kuvaliwa shingoni, iliyotolewa mara elfu saba na kitu tu kwa majeshi yote. Wala nishani si kadi ya chama cha Nazi; uanachama una kumbukumbu zake mbali.

Hilo la pili lisisomwe kuwa ni kumsafisha mtu. Hati inasema kwa Kijerumani cha adabu kwamba mhusika amefanya vema. Haisemi kilichokuwa chini ya ndege. Mtu wa KG 55 mwenye hati ya mwishoni mwa Novemba 1940 alikuwa katika moja ya Geschwader zilizokuwa zikipiga miji ya Uingereza usiku, wiki chache baada ya Coventry kuteketezwa tarehe 14 ya mwezi huo. Hati ya Mei 1940 inaweza kuwa ya mtu aliyekuwa juu ya Rotterdam, mji wa Uholanzi uliopigwa mabomu mwezi huo. Ukishapata kikosi na tarehe, kazi ya kutafuta mabomu yaliangukia wapi ni sehemu ya utafiti uleule, na anayeishia kwenye nishani ameacha kazi nusu.

Soko limejaa karatasi bandia, kwa kuwa hati ina bei kubwa kuliko chuma. Vipimo vingi ni vya kawaida. Ulrich Grauert, kamanda wa I. Fliegerkorps, aliuawa tarehe 15 Mei 1941 ndege yake ilipoangushwa kaskazini mwa Ufaransa. Hati yenye saini yake ya Juni 1941 ina la kujieleza. Göring alipewa cheo cha Reichsmarschall tarehe 19 Julai 1940, siku ambayo majenerali wengi walipanda vyeo kwa pamoja. Karatasi ya Mei 1940 inayomwita hivyo imetungwa na mtu asiyejua kalenda. Hati ya Frontflugspange yenye tarehe ya 1940 ni kichekesho. Mulika karatasi kwa taa ya ultravioleti: ikiwaka rangi ya samawati nyeupe, ina kemikali za kung'arisha ambazo zilienea viwandani baada ya vita. Lakini karatasi isiyowaka haijathibitika kuwa halisi, kwa maana mghushi mwerevu hununua daftari kuukuu na kuchana kurasa tupu.

Muhuri nao una lake. Vikosi vilivyokuwa vitani vilitumia namba ya posta badala ya jina, na za jeshi la anga mara nyingi zilitanguliwa na herufi L. Orodha za kufasiri namba hizo zipo. Ila namba moja iliweza kubadilishiwa kikosi vita ikiendelea, kwa hiyo hapa pia tarehe ndiyo inayoamua.

Na baada ya hati? Kumbukumbu nyingi za Luftwaffe ziliteketezwa na wenyewe mwaka 1945, ndiyo maana karatasi iliyobaki kwa familia ina thamani kuliko ingekuwa kwa jeshi lenye mafaili kamili. Vilivyonusurika vimetawanyika. Ripoti za hasara zilizobaki zinataja kikosi, aina ya ndege, namba yake ya kiwandani, mahali, majina ya waliomo na asilimia ya uharibifu, ambapo 100 ni ndege iliyopotea kabisa. Kama mtu alitekwa na Waingereza, Hifadhi ya Taifa iliyoko Kew, London, ina ripoti za mahojiano ya mateka wa anga katika mfululizo wa AIR 40, na mara nyingine zinaeleza safari ya mwisho dakika kwa dakika. Kama alikufa, Volksbund, shirika la Kijerumani la makaburi ya vita lililoanzishwa 1919, lina mahali pa kutafuta majina bure mtandaoni.

Sehemu kubwa kuliko zote ni Berlin. Agosti 1939, siku chache kabla ya vita, Ujerumani ilianzisha ofisi ya taarifa za wanajeshi iliyojulikana kama WASt, iliyopokea orodha za vipande vya utambulisho shingoni, taarifa za majeruhi na za vifo. Ofisi hiyo ilinusurika vita, na tangu 1 Januari 2019 kumbukumbu zake ziko chini ya Bundesarchiv, hifadhi ya taifa ya Ujerumani. Mafaili ya kivita yaliyobaki yako tawi la Freiburg. Sheria ya Ujerumani inafunga taarifa binafsi hadi miaka 10 ipite tangu kifo cha mhusika, au miaka 100 tangu kuzaliwa kama tarehe ya kifo haijulikani, kwa hiyo karibu wote waliovaa sare ile sasa wanaweza kuulizwa, hata na asiye ndugu.

Ombi liwe na jina kamili, tarehe na mahali pa kuzaliwa, na namba ya kipande cha shingoni kama ipo. Usipokuwa na tarehe ya kuzaliwa, peleka ulichokichimba kwenye saini: kikosi hadi ngazi ya Staffel, na kipindi. Weka nakala ya hati, mbele na nyuma pia, kwa sababu makarani walikuwa na tabia ya kuandika nyuma namba za faili na ithibati kwamba tuzo imeingizwa kwenye kitabu cha utumishi. Jibu huchukua miezi mingi. Wakati unasubiri, andika upya orodha ya makamanda wa kikosi hicho pamoja na tarehe zao, maana faili likija litakuwa na saini nyingine ambazo hukuzitegemea.